Mchaichai, Ugali na Nyuki wa Mzee Silwimba

Wanangu wa mtamboni, siku mliyoniaga mlinipa zawadi tatu: doti ya khanga, sufuria kubwa, na chupa ya pafyumu ya dukani, ndani ya boksi lenye utepe. Khanga nimeshaivaa kanisani. Sufuria nimeshaiunguzia maharage. Habari za pafyumu nitazisema mwishoni, maana kumpa pafyumu ya boksi mwanamke aliyezeekea kwenye kuchemsha mafuta ya kutengenezea pafyumu ni sawa na kumpelekea mkulima wa Mbozi zawadi ya kahawa ya kopo. Hata hivyo nilicheka, nikashukuru, na utepe nimeutunza.

Mkaniomba pia niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, nayaandika. Mambo ya vyeo sitayagusa, kwa sababu kiwandani kwetu Isansa vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Mishahara nayo naiacha, nisije nikawakata hamu ya kula. Nitaandika nilivyofika, nani alinifundisha, na lile juma moja la baridi ambalo shamba la mtu lilining'inia kwenye tone la mafuta.

Mimi ni mtoto wa Ikinga, kule Ileje. Nilikuja Mlowo nikiwa msichana, kumfuata dada yangu aliyeolewa huko, nikapata kazi ya kuchambua kahawa kwenye ghala kando ya barabara kuu. Tulikaa chini wanawake wengi, mikono inatoa punje mbovu, midomo inawatoa watu kasoro. Siku moja likaingizwa gunia, nikawaambia wenzangu, "Hili gunia limelala na mafuta ya taa." Wakanicheka. Msimamizi akainama, akanusa, hakusikia kitu, akasema nina njaa. Baadaye mwenye gunia akasema mwenyewe kwamba alilihifadhi uvunguni, karibu na dumu la mafuta ya taa.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mfupi mwenye kofia ya pama, aliyekuja kununua magunia matupu. Akanijia moja kwa moja.

"Binti, wewe mafua yanakushika sana?"

Nikadhani ni mtindo mpya wa kutongoza. Nikamjibu kwamba yananishika kama yanavyomshika mtu yeyote.

"Basi nina kazi inayotaka pua. Isansa."

"Kazi ya kufanya nini?"

"Kunusa."

Dada yangu aliposikia kuna mwanamume anaajiri wasichana ili wanuse, alinisindikiza mwenyewe hadi Isansa akiwa na mwiko mkononi. Huyo mwanamume ndiye Mzee Silwimba, Mnamwanga wa bondeni Momba, fundi wa mabomba aliyeitwa kuunganisha mtambo, akaunganisha, kisha hakuondoka. Dada alimkagua, akaukagua mtambo, akaondoka na mwiko wake bila kuutumia. Tangu siku hiyo Mzee alikuwa akiniuliza, "Dada mwenye mwiko hajambo?"

Ninyi mmeukuta mtambo unang'aa, una vipimo na taa. Wa kwetu lilikuwa pipa la chuma lililosimama juu ya mafiga ya matofali. Chini maji, juu yake wavu, juu ya wavu majani. Unawasha kuni, mvuke unapanda kupitia majani, unayabeba mafuta yake, unaingia kwenye bomba lililojisokota ndani ya tangi la maji baridi, na mwishoni yanadondoka maji na mafuta ndani ya chupa kubwa ya kioo. Mafuta yanaelea juu, ya manjano, machache kuliko unavyotarajia. Shehena nzima ya mchaichai inaingia, inatoka chupa moja. Siku ya kwanza niliuliza yaliyobaki yako wapi, Mzee akanionyesha lundo la majani yaliyochemka. "Hayo hapo. Kula ukitaka."

Sasa mtu yeyote wa nchi hii akiona pipa, moto na bomba lililojisokota, hafikirii manukato, anafikiria gongo. Majuma ya mwanzo wanaume walipita kiwandani kwetu wakiwa na vikombe mfukoni na salamu ndefu mdomoni. Mmoja hakuamini hata baada ya kuelezwa. Aliviziwa na tamaa yake mwenyewe, akayagida maji ya mtambo tulipogeuka. Hayakumdhuru, ila kwa siku kadhaa kila alipocheua watu walijua kwamba amepita. Mkewe alikuja kutushukuru, eti kwa mara ya kwanza tangu waoane mumewe amerudi nyumbani ananukia.

Jambo la pili nililojifunza ni ugali. Mfuniko wa pipa haukuwa na mpira wa kuuziba, na mpira wenyewe ungeyeyuka na kutuharibia mafuta. Kwa hiyo tuliziba kwa ugali. Unasonga ugali wa sembe, mgumu, wa kumkomesha mgeni, unauviringisha kama kamba, unaupachika kuzunguka mfuniko. Moto ukikolea, ugali unakauka na mvuke haupati pa kutokea ila kwenye bomba. Kazi ikiisha unaubandua na kuwarushia kuku. Kuku wa Isansa walizijua siku za kazi kuliko wafanyakazi. Msonga ugali alikuwa Kastori, mchochea moto wetu, kijana mcheshi na mwenye nguvu, ambaye kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kutushangaza.

Jambo la tatu ni pua. Mzee alinipa masharti: nisile kitunguu kibichi siku ya kazi, nisijipake mafuta yenye harufu, na pua ikichoka ninuse mkunjo wa kiwiko changu mwenyewe, maana ngozi yako ndiyo harufu uliyoizoea, inakurudisha nyumbani. Masharti hayo nimewapa ninyi pia, na nawajua wawili mnaokula kachumbari kwa siri. Kila tulipomaliza kuchemsha, Mzee alinipa chupa na kuuliza, "Unasikia nini?" Nikisema moshi, anaita Kastori apunguze kuni. Nikisema majani mabichi, anaamuru kesho mchaichai usinyae zaidi juani kabla ya kuingia pipani. Yeye mwenyewe hakunusa hata siku moja. Nikaamini ndiyo ualimu wenyewe, kwamba mwalimu mzuri hampi mwanafunzi jibu.

Siku za mchaichai alikuwa na tabia nyingine. Aligeuza dumu tupu, akalikalia karibu na mdomo wa bomba, kofia usoni, akatazama. Nyuki walikuja, maana nyuki na mchaichai wana mapenzi yao, na ole wako uwafukuze. "Waache wageni wangu," alisema. Na kila alipoinuka na kutangaza kwamba mafuta yameiva, alitamka methali ile ile: "Fuata nyuki ule asali." Nilidhani ni methali tu. Wazee wana methali zao, nawe unaitikia ndiyo Mzee, unaendelea na kazi.

Sasa niwajulishe kwa Mama Sekela, ambaye ninyi mnamwona anashuka kwenye pikipiki yake na kutoa amri. Zamani zile alikuwa mjane mpya mwenye watoto wadogo na shamba la kahawa aliloachiwa na mumewe. Mibuni ilikuwa mizee, imechoka, na kuihudumia kunataka mikono ambayo hakuwa nayo. Akang'oa sehemu kubwa, akapanda mchaichai ili atuuzie sisi. Ukoo wa mumewe ulipigwa na butwaa. Kung'oa mibuni Mbozi! Shemeji yake, Bwana Mwashambwa, alipita barabarani akisema kwa sauti, "Wenzake wanalima kahawa, yeye analima majani ya kukorogea chai." Mwishowe wakaitisha kikao cha ukoo. Kikaamuliwa kwamba mavuno yale ya kwanza yasipopata mnunuzi wa uhakika, shamba lirudi kwenye kahawa, chini ya mkono wa shemeji. Na kila mtu alijua mkono wa Bwana Mwashambwa ukishika kitu, huwa hauachii.

Mnunuzi wa uhakika alikuwa mmoja, Bana Chanda. Huyu ni mama wa Kibemba aliyekuwa na duka la manukato ya kupima pale Tunduma. Alichanganya mwenyewe, akauza Tunduma, na kuwapelekea wenzake Nakonde ng'ambo ya mpaka. Alisema atachukua mafuta yote ya mchaichai wa Isansa, msimu ule na unaofuata, lakini kwanza aletewe chupa ya shamba lile jipya. Aliitaka ifike Ijumaa, maana baada ya hapo anasafiri na atakuwa amekwisha kuagiza kwingine.

"Ba Tumpe," aliniambia kwa heshima ya Kibemba, "mimi nanusa leo, nalala, nanusa tena asubuhi. Harufu ikikimbia usiku, sitaki. Ikiwa chafu, sitaki hata wewe."

Juma lile lilikuwa la Juni. Mnaijua Juni ya Mbozi, ukungu unaingia hadi kwenye buli. Kila mtu alikuwa na mafua, na mimi nilikuwa nayo zaidi. Jumatano asubuhi tukalijaza pipa kwa nusu ya kwanza ya mchaichai wa Mama Sekela. Mwenyewe alikuwapo, ameketi juu ya fungu la majani, anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Kastori akaziba mfuniko huku akipiga mluzi, ana furaha isiyoeleweka. Moto ukawaka, mafuta yakaanza kudondoka, ya manjano safi. Nikaichukua chupa, nikaiinamia, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikanusa kiwiko changu. Hakuna kitu. Nikapiga chafya, nikajaribu tena, ikawa kama nanusa ukuta.

Nikaenda kwa Mzee palepale kwenye dumu lake.

"Mzee, leo itabidi uninusie. Mimi pua imefunga."

"Mimi?"

"Wewe. Nani mwingine? Kastori pua yake ilishakaushwa na moshi."

Akaivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena.

"Tumpe mwanangu, kaa chini. Ujanani nilikuwa utingo wa malori ya Zambia. Pale Tunduma nikaanguka kutoka juu ya mzigo, nikapiga kisogo. Tangu siku hiyo sijasikia harufu ya kitu chochote. Si ya ua, si ya choo."

"Hata moshi?"

"Moshi nauona."

Wanangu, nilicheka mpaka nikakohoa, na nilipomaliza kukohoa nikaogopa. Kiwanda cha mafuta ya manukato, na ndani yake hamna pua hata moja! Ndiyo maana siku ile Mlowo alinifuata kama mtu aliyeokota pesa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, na fundi haajiriwi kwa kutangaza kilichoharibika mwilini mwake.

"Sasa kabla sijaja ulikuwa unajuaje kama mafuta ni mazuri?"

Akanyoosha kidole kwenye mdomo wa bomba. "Wale. Mara ya kwanza tuliyochemsha mchaichai walikuja wenyewe. Nikaona yakiwa safi wanakuja wengi, wanatulia. Yakiungua, wanapita mbali. Nimewafuata wao tangu hapo. Wewe nilikuchukua kwa ajili ya siku tunazochemsha mkaratusi na mrehani, maana huko nyuki hawanisaidii." Kisha akashusha sauti. "Na leo hawajaja hata mmoja. Haya mafuta yana kasoro."

Mama Sekela alisikia. Akainuka kutoka kwenye fungu lake, akaja, akaichukua chupa mkononi mwangu na kuinusa kwa nguvu zote.

"Mbona yananukia vizuri!"

"Mama Sekela," Mzee akamwambia kwa upole, "wewe leo hata tukikupa maji ya mtaro utasema yananukia."

"Kwani nyuki gani anatoka kwenye baridi hii? Hata kuku wamejikunyata! Baba, mimi watoto wangu wanakula humo. Shamba langu liamuliwe na wadudu?"

Niliona ana haki. Ukungu ulikuwa umelala hadi magotini. Ningekuwa mimi ndiye mwenye shamba, ningeikwapua ile chupa na kukimbia nayo Tunduma. Lakini nilimjua pia Bana Chanda. Akipelekewa mafuta mabaya mara moja, hakuna mara ya pili, na kikao cha ukoo kilikuwa kinangoja habari hiyo kwa hamu. Mzee akasema tungoje jua. Mama Sekela akaketi tena, akatupa mgongo.

Adhuhuri ukungu ukapasuka. Mzee akachukua vifuniko viwili vya chupa, akavipanga juu ya ukuta mfupi wa tangi. Kimoja akakitia tone la mafuta ya msimu uliopita, ambayo tulijua ni mazuri. Kingine akakitia tone la mafuta ya asubuhi ile. Tukarudi nyuma, sote wanne, tukasimama kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Jua likapasha ukuta. Akaja nyuki mmoja, akazunguka, akatua kwenye mafuta ya zamani. Akaja wa pili, naye huko huko. Baadaye kikawa kikundi. Kwenye kifuniko cha pili alisogea mmoja tu, akaning'inia kidogo hewani, akageuka kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Mama Sekela akajifunika uso kwa khanga, akalia bila sauti, nami nikaona uchungu kiasi kwamba nilitamani nyuki wale wawe waongo.

Ikabaki kujua kasoro imetoka wapi. Mchaichai ulikuwa safi, nilikuwa nimeuchambua mwenyewe. Maji yalikuwa ya kijito kile kile, kuni zile zile. Bomba Mzee alikuwa amelisafisha jana. Nikaenda kubandua ugali wa mfuniko ili nipate cha kufanya na mikono yangu, niwape kuku. Ugali ukakataa kubanduka. Nikauvuta, ukanivuta. Ukarefuka, ukanata vidoleni. Ugali wa sembe ukikaushwa na moto humeguka. Huu ulikuwa na mambo mengine.

"Kastori, huu ni ugali wa nini?"

Uso wa Kastori ukang'aa. Alikuwa anangoja swali hilo tangu asubuhi. "Umeuona, dada Tumpe? Wa muhogo! Mama mkwe kaleta unga kutoka Nakonde, ule wa kuvundika, ule wenyewe! Umeona unavyonata? Leo mvuke haujatoka hata chembe! Nilitaka niwashangaze."

"Umetushangaza," Mzee akasema.

Msiojua muhogo wa kuvundika, unalowekwa majini siku kadhaa mpaka ulainike na unuke, ndipo unakaushwa na kusagwa. Ugali wake kwa mboga ya dagaa sina ugomvi nao. Lakini ukae kwenye mdomo wa pipa linalochemka tangu asubuhi, mvuke unaupitia, unauramba, unaondoka na uvundo wake hadi kwenye chupa. Kwa kuziba, hakuna kinachoushinda, hapo Kastori alikuwa sahihi. Mama Sekela alifunua uso, akamtazama Kastori, akaendelea kumtazama, mpaka Kastori akainua shoka akaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma.

Ilibaki nusu ya shamba haijakatwa. Mchana ule ule tukashuka sote na mundu, Mzee na kofia yake, Mama Sekela mbele, Kastori nyuma akibeba mafungu makubwa kupita kiasi kwa ajili ya kutubu. Tukayatandaza majani yasinyae. Pipa tukalisugua kwa majivu mpaka mikono ikachubuka. Alhamisi ugali nilisonga mimi, wa sembe, na unga niliuonja kwanza, ingawa kwa mafua yale hata ningeonja simenti nisingetambua. Mama Sekela akasimama karibu na mdomo wa bomba. Mwanamke huyu alikuwa anaogopa nyuki kuliko simba. Jua lilipotoka wakaja, mmoja, kisha wengi, wakatua kwenye bomba, kwenye chupa, kwenye bega lake. Hakutikisika. Machozi yalimtoka, akasema polepole, "Karibuni. Karibuni jamani." Mzee akainuka kwenye dumu lake na kusema methali yake, na siku hiyo ndipo nilipoielewa.

Ijumaa nikapanda gari kwenda Tunduma na chupa mbili, ile nzuri na kichupa cha yale mabaya. Yale mabaya niliyabeba kwa udadisi wangu, maana pua ilikuwa bado imefunga na nilitaka kujua kama tumemwaga machozi ya bure. Bana Chanda alinipokea kwa "mulishani", nikamjibu "bwino", na hapo Kibemba changu kikaisha. Akachovya kipande cha karatasi kwenye chupa nzuri, akakipunga, akanusa, akafumba macho, akanusa tena. "Bwino sana." Akakibana kwenye ukingo wa rafu kilale. Kisha nikampa kile kichupa, bila kumwambia neno.

Alikinusa mara moja tu, akapiga kelele, "Ici cilenunka tute!" Wasichana wa dukani wakaanguka kwa kicheko. Akaniambia kwa Kiswahili, huku akijipepea, "Inanuka muhogo! Ba Tumpe, mimi nimekulia kwenye muhogo, nimeacha muhogo kwa mama yangu, nimekuja hapa kutafuta harufu ya mjini, na wewe unanifungia muhogo kwenye chupa?"

Nililala kwa ndugu wa mume wa dada, kama mtu anayelalia miiba. Asubuhi nilimkuta Bana Chanda amesimama na kile kipande cha karatasi puani. Harufu haikukimbia. Akasema atachukua yote, msimu ule na unaofuata, kwa sharti moja, ugali wetu tuendelee kuupika kwa mahindi.

Habari zilimfikia Bwana Mwashambwa kabla sijashuka garini. Kikao cha ukoo hakikuitishwa tena. Mvua zilipoanza alionekana kwa Mama Sekela na jembe begani, anauliza habari za watoto, habari za afya, habari za ng'ombe ambao Mama Sekela hakuwa nao, na mwisho kabisa akauliza kama anaweza kupata mashina machache ya mchaichai ya kupanda. Mama Sekela alimpa. Ila alimwachia ayachimbe mwenyewe, na yeye akaketi kivulini anakunywa chai ya mchaichai. Na yule mnayemwita Mzee Muhogo, anayewachochelea moto hadi leo, sasa mmejua jina lake limetoka wapi. Yeye huwaambia wageni kwamba ni jina la ukoo.

Mzee Silwimba alistaafu mapema kuliko nilivyotaka. Siku yake ya mwisho tulichemsha mchaichai kwa heshima yake, akaketi kwenye dumu, nyuki wakamjaa kofia. Tulipobaki wawili akaniuliza, kwa aibu kama kijana, "Tumpe, haya mafuta huwa yananukiaje?"

Nilistaajabu. Nilikuwa nimenusa kwa ajili yake miaka yote na sikuwahi kufikiria kumwambia. Nikatafuta maneno, yakanikimbia, nikajaribu tena. Nikamwambia yananukia kama alfajiri ya Jumapili, mama ameinjika chai, jiko limeshika, na bado hajamgombeza mtu.

Akawatazama nyuki. Kisha akasema, "Ahaa. Ndiyo maana wanakuja."

Alirudi kwao Momba, na huko ndiko alikozikwa. Nilimlilia kama baba yangu, na dada alikuja mazishini, safari hii bila mwiko.

Sasa nifike kwenye pafyumu yenu. Miaka hii ya mwisho pua yangu ilianza kuniaga. Ulianza kuondoka mrehani, ukafuata mkaratusi, na siku moja nikaunguza mboga nikiwa nimesimama juu yake. Daktari akasema ni umri. Nilimweleza meneja siku ile ile, nikaomba kupumzika, maana sikutaka mtu auziwe mbuzi kwenye gunia kwa jina langu. Ninyi mliona nafungua madirisha siku za mchaichai, mkadhani bibi anasikia joto, kumbe nawafungulia nyuki. Iliniuma, sitawaficha. Mtu aliyeishi kwa pua akiikosa, nyumba yake mwenyewe inakuwa ya ugenini.

Kwa hiyo zawadi yenu niliifungua nikiwa sina namna ya kuifaidi. Nikajipulizia, nikapulizia na kizingiti cha dirisha, nikavuta kiti nikangoja. Jua lilikuwa zuri kabisa. Hakuja nyuki hata mmoja. Wanangu, asanteni sana kwa chupa, ni nzuri, inapendeza mezani.

Juzi akaja Mama Sekela na pikipiki yake, ameniletea kichupa cha mafuta ya msimu huu, ya kutoka shamba lile lile. Akakifungua akanisogezea puani, kisha akakumbuka, akasikitika, akataka kukifunga. Nikamwambia tulia. Nikatia tone moja kwenye kizingiti, tukakaa. Nikafumba macho nikajisemea moyoni ile habari ya alfajiri ya Jumapili na chai iliyoinjikwa. Nilipofumbua, wa kwanza alikuwa ameshatua, na wengine walikuwa njiani. Naye Mama Sekela, aliyewahi kukataa shamba lake liamuliwe na wadudu, akasogeza kiti chake pembeni ili wapite.